Bastola Kiunoni, Jasho Mgongoni: Hakuna Chuma Kisichoshika Kutu



Kuna sentensi moja ambayo kila kiangazi naisikia katika mikusanyiko yetu hapa Houston, iwe ni harusi, msiba au nyama choma ya Jumamosi, na kila nikiisikia damu inanichemka: "Hii yangu haishiki kutu." Msemaji hujipapasa kiuno juu ya shati ili sote tujue anazungumzia nini. Atakutajia kampuni iliyoitengeneza, atakutajia bei, atakutajia idadi ya risasi zinazoingia. Muulize mara ya mwisho aliifuta lini. Atakutazama kama mtu uliyemuuliza ni lini mara ya mwisho alipiga pasi soksi zake.

Nasema leo waziwazi, na wa kununa anune. Chuma kisichoshika kutu hakijatengenezwa bado. Kipo kinachochelewa na kipo kinachowahi, basi. Na mtu anayevaa bastola mwilini katika joto hili la ghuba ya Mexico, halafu hayuko tayari kuitazama na kuifuta kila jioni, asituambie kwamba anailinda familia yake. Anabeba chuma kizito tu, na kingekaa vizuri zaidi ndani ya sefu.

Najua wapo watakaosema jarida letu si mahali pa kuzungumzia bastola, tuandike kuhusu watoto na lugha, tuandike kuhusu mashamba yetu kule nyumbani. Nawaheshimu. Lakini silaha hizi zimo majumbani mwetu tayari, tuandike tusiandike. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 sheria ya Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea, ambaye hana kizuizi cha kisheria, kubeba bastola hadharani bila leseni. Kabla ya hapo, tangu utaratibu wa leseni uanze mwaka 1996, mtu alilazimika kukaa darasani saa kadhaa, afundishwe sheria, usalama na namna ya kuhifadhi silaha, kisha akalenge shabaha mbele ya mwalimu. Leseni bado ipo kwa anayeitaka, lakini si lazima tena. Matokeo yake mnayaona wenyewe: kijana anatoka dukani mchana, jioni yuko kwenye sherehe na chuma kiunoni, na kati ya duka na sherehe hakuna binadamu aliyemwambia lolote zaidi ya "asante kwa kununua kwetu." (Na kwa wale wenye viza za muda, wanafunzi na wafanyakazi wa mkataba: sheria ya shirikisho kwa jumla inawakataza kabisa kumiliki silaha, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya kuwinda. Msije mkasema sikuwaambia.)

Kama sheria hiyo ni nzuri au mbaya, tutabishana siku nyingine. Leo nabishana juu ya jasho.

Kazi inayonilisha ni kutu. Kwa zaidi ya miaka 25 nimelipwa kuzuia kutu isile mabomba ya mafuta na matangi yaliyoko pwani hii, na nawaambia, hakuna adui ninayemheshimu kama huyo. Hapigi kelele, halali, na halipwi mshahara. Mahitaji yake ni matatu tu: chuma, hewa na maji. Ukimwongezea chumvi umemkaribisha na chakula cha usiku.

Sasa hebu tutazame hali ya mtu aliyevaa bastola ndani ya suruali, upande wa kiuno, mwezi Agosti. Nje ni nyuzi 36 au 37 za Selsiasi. Agosti 2023 uwanja wetu mkubwa wa ndege ulipima karibu nyuzi 43, rekodi ya mji huu. Mtu mzima akifanya kazi katika joto kama hilo anaweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa, na zaidi. Jasho hilo si maji matupu. Lina chumvi ile ile ya jikoni, kati ya gramu moja na nne hivi kwa kila lita. Lina asidi kidogo. Lina urea na laktati. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo mtu atasema, "Mhandisi, hiyo ya jasho ni ndogo mno." Ni ndogo ikiwa mbichi. Lakini jasho linakauka, linakuja jingine, linakauka tena. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Baada ya saa nane za namna hiyo, upande wa bastola uliogusa mwili umebeba chumvi nzito kuliko chuma kilichorushiwa mawimbi mara moja.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani jasho likikauka hatari imekwisha. La hasha, ndiyo kwanza inaanza. Chumvi ya kawaida, unyevunyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, huvuta maji kutoka hewani yenyewe na kuyeyuka. Laktati na wenzake huvuta mapema zaidi. Houston alfajiri ya kiangazi unyevunyevu hupita asilimia 90. Kwa hiyo bastola uliyoivua saa tatu usiku ikiwa kavu kabisa mkononi, ukaiacha kwenye gari, saa kumi na moja alfajiri imelowa tena bila mtu kuigusa. Mwenye nayo amelala anakoroma.

Na hiyo kloridi iliyomo kwenye chumvi ni dalali mbaya. Inatoboa ile ngozi nyembamba inayokilinda chuma, inasaidia chuma kuyeyuka, kisha inajitoa na kwenda kuanza mahali pengine. Haiishi. Kutu yenyewe inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichozaliwa nacho, kwa hiyo inavimba, inapasuka, inabanduka, na chini yake kunabaki chuma kipya kinachosubiri zamu. Aluminiamu ikioza juu hujifunika. Chuma hakina akili hiyo.

"Lakini yangu ni ya chuma cha pua kisichoshika kutu." Haya, tuzungumze juu ya hicho, maana hadithi yake inachekesha. Mwaka 1912, mjini Sheffield, Uingereza, fundi mkubwa wa vyuma aitwaye Harry Brearley alipewa kazi na watengeneza silaha. Mitutu ya bunduki ilikuwa inalika haraka kwa ndani kutokana na moto wa baruti, wakataka chuma kitakachostahimili. Tarehe 13 Agosti 1913 akayeyusha chuma chenye karibu asilimia 13 ya kromiamu. Ugunduzi huo ukaishia kupata umaarufu kwenye visu vya mezani. Yeye mwenyewe alikiita chuma kisicho na kutu. Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha visu, alipokijaribu kwa siki akapendekeza jina jingine: chuma kisicho na doa. Jina hilo la pili ndilo lililoshinda kwa Kiingereza. Sisi kwa Kiswahili tumelirudisha lile la kwanza, "kisichoshika kutu," na tunalitamka kama ahadi ya Mwenyezi Mungu.

Ahadi hiyo haipo. Kinacholinda chuma hicho ni utando wa kromiamu na hewa, mwembamba kiasi kwamba ukipanga elfu moja juu ya nyingine hufiki unene wa karatasi. Utando ukikwaruzwa hujirudia wenyewe, mradi hewa inafika. Lakini pale hewa isipofika, yaani chini ya vibao vya mpini, chini ya kile kinundu cha kulengea, ndani ya mifereji ya kushikia, au mahali ambapo ala imebana na jasho limenaswa, utando haujirudii, na kloridi inachimba vishimo. Vishimo hivyo ni vidogo kwa juu na vipana kwa ndani, kama pango. Tena chuma kinachotumika sana kwenye silaha si kile cha masufuria. Masufuria mengi yana nikeli pamoja na kromiamu nyingi; mtutu unahitaji chuma kinachoweza kukomazwa kwa moto, na aina hizo zina kromiamu chache, baadhi zimetiwa salfa ili zichongeke kwa urahisi, na salfa hiyo ndiyo mlango wa vishimo. Kampuni ya Smith & Wesson ilipotoa revolva yake ya Model 60 mwaka 1965, ya kwanza ya chuma cha Brearley kuuzwa kwa wingi, polisi walioivaa karibu na mwili waliipenda kwa sababu ilipunguza usumbufu. Ilipunguza, haikuondoa.

Na zile nyeusi zenye mwili wa plastiki? Hapo nakubali kuna uhandisi mzuri. Glock iliyoingia jeshi la Austria mwaka 1982 ilikuja na chuma kilichopikwa kwa namna ambayo naitrojeni inaingia ndani ya uso wake, na kazi hiyo imefanywa vizuri kweli. Lakini ni sehemu gani iliyopikwa? Ni ile ya juu inayorudi nyuma ukifyatua, ambayo wengi huiita slaidi, na mtutu. Ndani mna springi, mna pini, mna kulabu ya kutolea ganda, mna vipande vidogo vingi vya chuma ambavyo havikupata heshima hiyo. Magazini nayo ina springi yake. Na kile kinundu cha kulengea ulichokinunua baadaye kwa mapambo, chenye vidoa vya kung'aa, mara nyingi ndicho cha kwanza kugeuka rangi ya tandoori. Plastiki haishiki kutu, ni kweli. Risasi haitoki kwa plastiki.

Zile za zamani zenye rangi ya bluu-nyeusi, ambazo wazee wetu wengine wamezinunua kwa mapenzi, sitazisema sana kwa sababu wenye nazo angalau wanajua ni dhaifu. Rangi ile yenyewe ni aina ya kutu, kutu nyeusi iliyofundishwa adabu, unene wake mikroni moja au mbili. Ina vitundu na inategemea mafuta yaliyonaswa ndani yake. Mafuta yakiisha, imebaki picha.

Nije sasa kwenye jambo ambalo nikilisema madukani wananiona mwendawazimu. Jasho halitoki kwa mafuta. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Jaribu jikoni: tia kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha mafuta ya kula, koroga mpaka mkono uchoke, chumvi itakaa chini inakutazama. Kwa hiyo ndugu yetu anayerudi nyumbani, anachukua kopo, anapulizia mafuta juu ya bastola iliyojaa jasho lililokauka, anafuta mara mbili na kuirudisha kwenye ala, hakuisafisha. Ameifunika chumvi blanketi.

Kinachoondoa chumvi ni maji. Naam, maji! Na hili si langu, majeshi yalilijua kabla sijazaliwa. Zamani fataki ya risasi, yaani kile kidonge cha nyuma kinachogongwa na pini, ilikuwa na kemikali ambayo ikilipuka inaacha ndani ya mtutu chumvi iliyo ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Jeshi la Marekani lilikuwa bado linatumia fataki hizo kwenye risasi zake kuu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Askari wa Kiingereza mwenye bunduki ya Lee-Enfield alifundishwa kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kwa faneli baada ya kufyatua, aukaushe, ndipo atie mafuta. Babu zetu wa KAR walibeba bunduki hiyo hiyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, tope mpaka magotini, na silaha zilibidi zifanye kazi. Kwanza maji, kisha ukavu, kisha mafuta. Leo mjukuu wake ana kiyoyozi, ana taulo za pamba, ana sinki lenye maji moto na baridi, na anashindwa.

Kuhusu makopo yenyewe. WD-40 ipo katika kila gereji ya Mswahili hapa Marekani, na ni kitu kizuri kwa kazi yake. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji. Namba 40 ni ya jaribio lililofaulu, na ilianza kutumika kulinda ngozi ya makombora ya Atlas. Kufukuza maji inajua. Lakini sehemu kubwa yake ni kimiminika chepesi kinachoruka, na utando unaobaki ni mwembamba mno kwa kiuno cha mtu anayetoka jasho kutwa. Upande wa pili wapo wanaouziwa chupa ndogo, kama ya manukato, kwa bei ya manukato, wakiambiwa hii ina siri ya anga za juu. Mafuta yoyote mazuri ya silaha yanatosha, ukipaka kila siku. Siri yote imo katika hayo maneno mawili ya mwisho. Na wale wa mafuta ya nazi, tafadhali. Mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi 24 au 25. Ndani ya nyumba zetu kiyoyozi kiko kwenye 22. Paka nazi kwenye wali.

Mimi binafsi kwa sehemu za nje naona nta ni bora kuliko mafuta, kwa sababu mafuta yanahamia kwenye shati na nta haihami. Ipo nta laini ambayo wataalamu wa British Museum waliibuni katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kuhifadhi vitu vya kale, na watu wa makumbusho bado wanaipaka kwenye mapanga na silaha za kale. Ukipaka safu nyembamba kwenye chuma kilichooshwa na kukauka, ukasugua, umepata koti linalovumilia siku kadhaa. Ndani lakini, kwenye vitu vinavyosuguana, nta haina kazi. Huko ni mafuta, na kidogo. Njia ya pini ya kupigia iachwe kavu, kwa sababu mafuta humo hukusanya uchafu. Na usipulizie risasi mafuta hata siku moja. Mafuta mepesi yanaweza kupenya mpaka kwenye fataki na kuiua, na utalijua hilo siku usiyotaka kulijua.

Ala nayo ina kesi. Ngozi ni nzuri kuivaa, inalainika na mwili, inanukia vizuri. Lakini ngozi ni sponji. Imetengenezwa kwa tanini zenye asidi au kwa chumvi za kromiamu, inanyonya jasho lako la leo, la jana na la juzi, halafu inalibana juu ya chuma usiku kucha. Bastola isilale ndani ya ala ya ngozi. Sitaongeza neno. Ala za plastiki ngumu hazinyonyi, ila zinashika mchanga, na mchanga unakwangua uso wa chuma kila unapochomoa na kurudisha, kwa hiyo nazo zioshwe kwa maji na sabuni, zikauke. Jambo rahisi kuliko yote na linalodharauliwa kuliko yote ni fulana. Vaa fulana ya pamba ndani, bastola ikae juu ya fulana, na chagua ala yenye kipande kinachopanda juu kutenganisha slaidi na ubavu wako. Fulana ya dola tano itazuia kutu kuliko chupa ya dola thelathini.

Mtu mmoja aliniambia, tena kwa hasira, kwamba mimi nataka watu wafungue bastola kila usiku, na kwamba huko ndiko kunakoua watu. Ana hoja, na naichukua kwa uzito. Baadhi ya bastola za siku hizi, Glock ikiwemo, hazifunguki kwa kusafishwa mpaka ubane kifyatulio kwanza. Aliyesahau risasi moja ndani ya chemba ameipigia risasi meza yake, ukuta wake, au kitu kibaya zaidi. Ndiyo maana sisemi ifunguliwe kila usiku. Kila usiku ni kufuta nje: watoto wakiwa wamelala au wako chumba kingine, magazini itoke, slaidi ivutwe nyuma, chemba itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole, risasi ziwekwe mbali kabisa na meza, mtutu uelekee mahali ambapo risasi haitamkuta mtu. Kisha kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji safi, yale ya chupa ya pasi yasiyo na madini ni bora, halafu kitambaa kikavu, dakika kumi mbele ya feni, halafu kitambaa chenye mafuta kidogo. Kazi nzima haifiki muda wa taarifa ya habari. Kuifungua ndani ni mara moja kwa wiki au mbili katika miezi ya joto, kwa utulivu, bila simu na bila bia. Magazini ipewe zamu yake, maana ndiyo iliyogusana na mbavu na ndiyo inayosahaulika.

Na isifanyike kwenye meza ya kulia chakula. Masizi ya risasi yana madini yenyewe ya risasi, sumu inayowadhuru watoto zaidi kuliko sisi. Nawe mikono kwa sabuni, hicho kitambaa kisiingie kwenye nguo za kufua za familia.

Hapo nafika kwenye gari, na hapa nitasema kwa ukali. Wengi wetu kazini hawaruhusiwi kuingia na silaha, au wameshachoka kubanwa kiuno, basi bastola inaishi kwenye kijisanduku cha mbele ya gari. Mchana ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupita nyuzi 50. Mafuta yanalegea na kutiririka kwenda chini, kinga inaondoka. Usiku hewa ya nje inaingia na unyevunyevu wake. Asubuhi unawasha kiyoyozi, chuma kinapoa, unashuka nacho kwenye hewa ambayo umande wake hutona kwenye nyuzi 24, na chuma kinalowa kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Hakuna njia bora ya kuozesha bastola, hata mimi nikilipwa kuibuni. Na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba gari si sefu. Kioo kinavunjwa kwa sekunde tatu, na chuma chako kinakwenda kuwa cha mtu mwingine, kwa kazi ambazo hutapenda kuzisikia. Vilevile sheria ya Texas inamwajibisha mwenye silaha iliyojazwa risasi ambayo mtoto wa chini ya miaka 17 ameifikia kwa sababu ya uzembe wa mwenyewe. Wangapi wetu tunawapeleka watoto shule na gari hilo hilo?

Wataniuliza, mhandisi, kwani vidoa viwili vya kutu vinazuia risasi kutoka? Vidoa viwili vya nje, hapana, havizuii. Ningekuwa napigania uzuri wa rangi nisingepoteza wino. Vidoa vya nje ni barua kutoka ndani. Jasho lililofika kwenye slaidi limefika pia kwenye springi. Springi yenye vishimo hukatika kabla ya wakati, kwa sababu kila kishimo ni mahali pa ufa kuanzia. Hilo nimeliona kwenye springi kubwa kama mkono wa mtu na kwenye ndogo kama sindano, kanuni ni moja. Kulabu iliyoliwa huteleza kwenye ganda. Chemba yenye kutu hung'ang'ania ganda lisitoke, na risasi ya pili haina pa kuingia. Bastola ya namna hiyo itafyatua mara moja, labda. Yule bwana anayejipapasa kiuno kwenye harusi amejiandaa kwa mara moja, labda.

Tena kuna watu ambao jasho lao ni kali kuliko la wengine. Si uchawi. Viwanda vya beringi za usahihi mkubwa viliwajua zamani wafanyakazi ambao alama ya kidole chao tu huota kutu kesho yake, wakawavisha glovu au wakawapa kazi nyingine. Kama kitasa cha mkanda wako au saa yako hubadilika rangi haraka kuliko za wenzako, wewe ni mmoja wao, na ushauri wa rafiki yako kwamba "mimi nafuta mara moja kwa mwezi na haina neno" haukuhusu.

Kwa ambao wameshachelewa, msikimbilie msasa wala dawa ya kuondolea kutu ya mabomba. Vumbi jekundu la juu juu hutoka kwa mafuta na kitambaa kigumu, au pamba laini ya chuma ikishikwa kwa mkono mwepesi, mkijua kwamba kwenye ile ya bluu-nyeusi mtaondoka na rangi pia. Kama ukipitisha ukucha unakwama kwenye shimo, ipelekeni kwa fundi wa silaha, ikiwa tupu na ndani ya kasha lake, aangalie chemba na mtutu kwa taa. Springi na pini hubadilishwa kwa fedha kidogo. Chemba iliyochimbika maana yake ni mtutu mpya, na kwa bastola nyingi za bei nafuu mtutu mpya na ufundi wake unakaribia bei ya bastola yenyewe, hapo fundi mkweli atakuambia usimpe kazi hiyo.